Sampuli ya damu na viashiria vya saratani: jibu linavyopotoka kabla tyubu haijafika kwenye mashine

#1 SeramuSafi (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaochukua damu, wanaopokea sampuli na wanaosoma majibu ya viashiria vya saratani, yaani vitu vinavyopimwa kwenye damu kufuatilia uvimbe, kama PSA (ya tezi dume), CEA, AFP, CA 125, CA 19-9 na wenzake. Tukusanye hapa yale yanayoipata damu kati ya sindano na mashine, maana mashine ikishafyonza seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) haiulizi ilikaa wapi wala kwa muda gani. Inatoa namba, tena yenye desimali mbili, na daktari anaiamini.

Nianze na hili: kuchelewa hakuvipotoshi vipimo vyote kwa upande mmoja. Damu ileile ikikaa nusu siku bila seramu kutenganishwa na chembe, PSA huru (isiyofungwa na protini nyingine) inashuka, p2PSA (aina mojawapo ya PSA huru) inapanda, NSE (ya saratani ya mapafu) inapanda, kalsitonini (ya tezi ya thairoidi) inashuka, na CEA inabaki karibu palepale. Kwa hiyo ile tabia ya "imechelewa kidogo, tuongezee kidogo kichwani" haina msingi. Ukitaka kujua jibu limepotokea wapi, lazima ujue ni kiashiria gani, kilikuwa kwenye tyubu gani, na kilikaa muda gani katika joto gani.

Utaratibu wa kawaida kwa seramu ni huu.

Mgonjwa akae ametulia kama dakika 15. Mtu aliyesimama protini zake zimekolea kuliko aliyelala, na tofauti inaweza kukaribia asilimia 10. Viashiria vingi ni protini kubwa, kwa hiyo navyo vinafuata. Sindano ya geji 21 inatosha kwa mtu mzima. Spiriti iachwe ikauke yenyewe, kama nusu dakika, kwa sababu ikiingia mbichi inapasua chembe nyekundu. Kamba ya mkono isizidi dakika 1, na mgonjwa asikunje na kukunjua ngumi.

Mpangilio wa kujaza tyubu, kwa jina la kilichomo ndani (sitreti, heparini na EDTA huzuia damu kuganda, jeli hutenga seramu na chembe): sitreti (bluu), seramu (nyekundu au njano yenye jeli), heparini (kijani), EDTA (zambarau), floridi (kijivu). Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, basi someni lebo. Tyubu ya jeli igeuzwe taratibu mara 5 hadi 6, ya EDTA au heparini mara 8 hadi 10. Kugeuza ni kupindua mkono na kuurudisha. Kutikisa ni kupasua chembe.

Kisha tyubu isimame wima. Yenye kichocheo cha kugandisha inahitaji dakika 30, isiyo na kichocheo dakika 60. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anahitaji zaidi ya hapo. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu) kwa nguvu ya g 1000 hadi 1300, yaani mara hizo za mvuto wa dunia, kwa dakika 10 kama vikapu vya sentrifuji vinaning'inia, dakika 15 kama tyubu zimelazwa kwa pembe.

Andikeni muda wa kuchukua, wa kuzungusha na wa kugandisha kwenye friza. Tena kwa mfumo wa saa 24, yaani 14:10. Ukiandika "saa 8" kuna atakayesoma asubuhi.

#2 Kapu_la_Nne

Uzi mzuri. Swali: sentrifuji nyingi ndogo zinaonyesha mizunguko kwa dakika tu. Hiyo g naipataje?

#3 Fundi_Vipimo

Mkuu, chukua rula. Pima kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu, kapu likiwa limenyooka kama linavyokuwa linapozunguka. Hiyo ndiyo r, kwa sentimita. Halafu:

g = 0.00001118 × r × (mizunguko kwa dakika)²

Mfano: r ni sm 10 na mizunguko 3000. Mraba wa 3000 ni 9,000,000. Mara 10, mara 0.00001118, unapata g 1006. Umefika. Lakini kwa mashine hiyohiyo kwenye 2500 unapata g 699 tu, na hapo jeli inaweza isikae sawasawa kati ya seramu na chembe. Mashine yenye r ya sm 15 ikizunguka 2500 inakupa g 1048. Ndiyo maana maelekezo yanayosema "zungusha 2500 kwa dakika 10" bila kutaja mashine ni ya kuyatilia shaka.

Jeli ikikaa mshazari au ikiacha upenyo, chembe zinaendelea kugusana na seramu. Kwa macho tyubu inaonekana imetenganishwa, kumbe bado.

Nyongeza kwa #1: usizungushe damu ambayo haijamaliza kuganda. Nyuzi za fibrini (protini inayogandisha damu) zitabaki juu, zitaziba ncha ya pipeti ya mashine, na itafyonza pungufu. Mara nyingine mashine inatoa tahadhari, mara nyingine inatoa jibu la uongo bila neno. Ukiona kitu kama ute kwenye seramu, kiondoe kwa kijiti safi, hamishia seramu kwenye kichupa kipya, ndipo uzungushe kichupa hicho.

#4 TeziDume_101

Niingie kwenye PSA, maana ndiyo inayoombwa sana na ndiyo inayoonewa sana.

PSA jumla ni mvumilivu. PSA huru si mvumilivu. Kwenye damu, sehemu kubwa ya PSA imefungwa na protini nyingine, na kiasi kidogo kinaelea huru. Hicho huru ndicho kinachopotea sampuli ikikaa. Kanuni ya kufanyia kazi: tenganisha seramu ndani ya saa 3 tangu damu ichukuliwe. Ukipima siku hiyo au ndani ya saa 24, friji ya 2 hadi 8 °C inatosha. Ukichelewa zaidi, gandisha. Kwa kuhifadhi muda mrefu, −70 °C au chini yake, kwa sababu −20 °C haizuii kabisa PSA huru kupungua.

Hesabu inaonyesha kwa nini hili si jambo la wana maabara peke yao. Tuseme PSA jumla ni 6.0 na huru ni 1.5, uwiano ni asilimia 25. Sampuli ikae hadi huru ishuke kuwa 1.1, jumla ikiwa haijatikisika sana: uwiano unakuwa asilimia 18. Uwiano wa chini unasomwa kama hatari kubwa zaidi ya saratani. Mtu anaweza kupelekwa kutolewa kinyama cha tezi kwa sababu tyubu ilikaa dirishani.

Sasa p2PSA, inayotumika kukokotoa kile kipimo cha phi (alama ya hatari ya saratani ya tezi dume), inakwenda kinyume: damu ikikaa na chembe zake, inapanda. Nayo saa 3 hizohizo, bila mjadala. PSA huru imeshuka, p2PSA imepanda, na zote mbili zimo kwenye fomula moja ya phi, p2PSA ikigawanywa kwa PSA huru. Makosa mawili yanasukuma upande uleule.

Kabla ya sindano pia kuna mambo. Mwanamume akitoa manii, asubiri saa 48. Damu ichukuliwe kabla daktari hajapima tezi kwa kidole, siyo baada. Baada ya kutolewa kinyama, wiki 6. Maambukizi ya mkojo au ya tezi yatibiwe kwanza. Na muulizeni kuhusu finasteride au dutasteride (dawa za tezi dume iliyokua): baada ya miezi 6 hadi 12 ya dawa hizo PSA huwa karibu nusu ya ilivyokuwa, kwa hiyo 2.5 ya mtu huyo siyo 2.5 ya jirani yake.

#5 Kapu_la_Nne

@TeziDume_101 hapo kwenye phi umenifungua macho. Sasa kama tyubu ya jeli ilizungushwa kwa wakati lakini seramu imeachwa juu ya jeli kwenye friji, hiyo ni "imetenganishwa"?

#6 TeziDume_101

Kwa siku moja na kwa viashiria vya kawaida, ndiyo, mradi jeli imekaa vizuri. Kwa kugandisha, hapana. Hamishia seramu kwenye kichupa kingine kwanza. Usiweke tyubu ya jeli kwenye friza: chembe zilizo chini zitapasuka, na zikiyeyuka yaliyomo yatapenya pembeni ya jeli.

#7 Chembe_Sahani

Wakuu, mmeitaja NSE kwa kupita tu. Kiashiria hiki ndicho kinachodanganya kuliko vyote kwenye uzi huu.

NSE inatumika kufuatilia saratani ya mapafu ya chembe ndogo na uvimbe wa neva kwa watoto. Tatizo ni kwamba imejaa ndani ya chembe nyekundu na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda). Damu ikipasuka kidogo tu, NSE ya chembe inamwagika kwenye seramu, na mashine haiwezi kujua ipi imetoka kwenye uvimbe na ipi imetoka kwenye chembe iliyopasuka. Hata kuganda kwenyewe kunatoa kiasi fulani kutoka kwenye chembe sahani, ndiyo maana NSE ya seramu huwa juu kidogo kuliko ya plazima (maji ya damu iliyozuiwa kuganda).

Kwa hiyo: seramu itenganishwe ndani ya dakika 60 tangu kuchukuliwa, na iliyopasuka ikataliwe. Ukitumia plazima, hakikisha imezungushwa kikamilifu, maana chembe sahani zilizobaki zikielea zitapasuka kwenye friza na kukupa NSE ya juu siku ya kuyeyusha.

Na kosa moja baya: kurudia kuzungusha tyubu ya jeli ili kupata seramu zaidi. Chini ya jeli kuna kimiminika kilichokaa na chembe muda wote. Ukizungusha tena kinapanda juu na kuchanganyika na seramu safi. Potasiamu inaruka, NSE inaruka. Tyubu ya jeli inazungushwa mara moja tu. Ikikosea, chukua damu upya.

#8 MsomaMajibu

Chembe_Sahani, kwa hiyo kuangalia rangi ya seramu kwa macho kunatosha kukataa?

#9 Chembe_Sahani

Hakutoshi mkuu. Jicho huanza kuona wekundu himoglobini inapofika kama gramu 0.3 kwa lita, na NSE inaweza kuwa imeshapanda kabla ya hapo. Mgonjwa mwenye manjano ndiyo kabisa, kwani rangi ya bilirubini inafunika wekundu. Tumieni kipimo cha kupasuka kwa chembe ambacho mashine za kemia hukisoma kwa mwanga, na mweke kikomo cha NSE peke yake, kikali kuliko kile cha potasiamu.

Kuna wanaotumia fomula za kusahihisha, unaipunguza NSE kulingana na himoglobini iliyomwagika. Mimi sizipendi. Kiasi cha NSE ndani ya chembe nyekundu kinatofautiana mtu na mtu, kwa hiyo unasahihisha kwa wastani wa watu wengine. Kuchoma sindano ya pili ni nafuu kuliko hiyo hesabu.

#10 Mama_Pipeti

Watu wanasahau mate na ngozi.

Antijeni ya SCC, inayotumika kwa saratani za chembe bapa kama ya mlango wa kizazi, imejaa kwenye ngozi na mate. CA 19-9 na CEA nazo zipo kwenye mate. Tyubu iliyofunguliwa, mtu akakohoa au akaongea juu yake, tone dogo lisiloonekana linatosha kupandisha jibu. Dalili yake: SCC iko juu sana, ukipima tyubu nyingine ya damu ileile unapata ya kawaida.

Kinga yake haigharimu kitu: glavu, barakoa unapofungua vifuniko, tyubu zisikae wazi mezani zikisubiri zamu, usiguse ncha za pipeti kwa mkono mtupu. Na ukirudia kipimo, rudia kutoka kwenye kichupa ambacho hakijafunguliwa. Ukirudia kutoka kwenye kikombe kilekile cha mashine utapata kosa lilelile mara mbili na kuliita ukweli.

#11 MsomaMajibu

Mama, hiyo ya kikombe kilekile nimeikubali. Nakazia.

#12 Fundi_Vipimo

Tuongee aina ya tyubu, maana naona wengi wanadhani seramu inafaa kwa kila kitu.

ProGRP, kiashiria kingine cha saratani ya mapafu ya chembe ndogo, kinakatwakatwa na thrombini, kimeng'enya kinachofanya kazi damu inapoganda. Kwenye seramu kinaendelea kupungua kadiri saa zinavyokwenda katika joto la chumba. Kwenye plazima ya EDTA hakuna kuganda, kwa hiyo kinatulia. Mgonjwa aliyepimwa kwa plazima mwezi huu na kwa seramu mwezi ujao atasomeka "dawa inafanya kazi" wakati kilichobadilika ni kifuniko.

Kalsitonini, ya saratani ya medula ya tezi ya thairoidi, ni ya kushughulikiwa kama barafu inayoyeyuka. Tyubu ipoozwe kabla, damu iwekwe mara moja kwenye mchanganyiko wa maji na barafu, izungushwe kwenye sentrifuji yenye ubaridi wa 4 °C, seramu igandishwe palepale. Kama hamna sentrifuji ya baridi, pozeni vikapu vyake kwenye friji kabla ya kuanza.

Lakini ubaridi huo usihamishiwe kwenye tyubu zote. Damu nzima ya vipimo vya kawaida ikiwekwa kwenye barafu inachelewa kuganda na potasiamu inavuja, na ikigusana moja kwa moja na pakiti iliyoganda kwenye friza chembe zinapasuka. Weka kitambaa au katoni katikati.

Plazima ya sitreti msiitumie kwa viashiria hivi isipokuwa maelekezo ya kiti (seti ya kemikali za kipimo) yanasema hivyo. Ndani ya tyubu kuna mililita 0.5 ya kimiminika kwa mililita 4.5 za damu. Watu wanasema "asilimia 10 tu", lakini kimiminika hicho hakiingii kwenye chembe, kinabaki kwenye plazima. Kwa damu ambayo asilimia 45 ni chembe, plazima ni kama mililita 2.5. Ongeza 0.5, na sehemu ya maji hayo ni karibu asilimia 17. Hiyo ndiyo unayoipoteza.

Mwisho, damu ya tyubu ya EDTA iliyomiminwa kwenye tyubu ya seramu. Watu hufanya hivyo damu ikipungua. Vipimo vingine hutumia kimeng'enya cha alkalini fosfati kutoa mwanga, na kimeng'enya hicho kinahitaji zinki na magnesi, ambazo EDTA inazikamata. Jibu linapotoka. Ukishuku, pima potasiamu na kalisi kwenye sampuli hiyohiyo: potasiamu juu sana na kalisi chini sana kwa pamoja ni EDTA, siyo ugonjwa.

#13 Jokofu_80

Naomba nipinge kidogo, siyo ukweli wa yaliyosemwa bali hofu yake. Mtu akisoma uzi huu hadi hapa atakataa kila sampuli iliyofika saa 5 baada ya kuchukuliwa. Asifanye hivyo.

AFP, CEA, CA 125, CA 15-3 na hCG kamili (homoni ya mimba ambayo uvimbe fulani nao huitoa) ni ngumu, hazipotoki upesi. Seramu iliyotenganishwa ikikaa kwenye friji siku kadhaa inabaki inasomeka. Somo la kweli ni kutenganisha mapema. Kwa viashiria hivi, kukataa sampuli ya mgonjwa aliyesafiri siku nzima kunamdhuru kuliko saa mbili za ziada. Kila maabara iwe na jedwali lake kwa kila kipimo, likitokana na maelekezo ya kiti wanachotumia, maana kiti kimoja huruhusu kisichoruhusiwa na kingine.

Ninachokubali kukihofia hata kwa hivyo vigumu ni joto. hCG ina vipande viwili vilivyoshikana. Ukiipasha moto vinaachana, na kipande cha beta kinabaki huru. Anayefuatilia uvimbe wa korodani au wa kondo la nyuma kwa kupima beta huru ataona ongezeko ambalo limezaliwa ndani ya tyubu. Kwa hiyo ile kupasha seramu 56 °C kwa dakika 30 ili kuua virusi haifai hapa, wala kwa PSA. Gari lililofungwa juani nalo ni jiko.

Kuhusu friza. Gawa seramu kwenye vichupa vya mililita 0.5, kila kimoja kwa matumizi ya mara moja, usijaze hadi juu kwani kimiminika hutanuka kikiganda. Usitumie friza ya nyumbani inayojiyeyusha barafu yenyewe: ili isiote barafu inapasha kuta zake mara kwa mara, na vichupa vinayeyuka na kuganda tena bila mtu kujua.

Kuyeyusha: weka kwenye friji, au kwenye maji ya joto la chumba ukiwa na haraka, kamwe si maji ya moto. Ikishayeyuka, hapa ndipo watu wengi hukosea. Seramu iliyoganda hujitenga kwa tabaka, maji juu, protini chini. Ukifyonza kutoka juu bila kuchanganya unapata jibu la chini, na mtu anayefuata kwenye kichupa hicho anapata la juu. Geuza taratibu mara 8 hadi 10, kisha zungusha kidogo kuondoa vipande vya fibrini. Usirudishe kilichobaki kwenye friza.

#14 Kapu_la_Nne

Jokofu_80 umesawazisha. Kwa hiyo kwa hCG na AFP ya mgonjwa wa korodani naweza kulala, kwa PSA huru siwezi.

#15 Jokofu_80

Lala, lakini andika muda. AFP inapungua kwa nusu kila siku 5 hadi 7 na hCG kila saa 24 hadi 36 baada ya uvimbe kutolewa. Daktari anapiga hesabu ya kushuka huko. Tarehe ya kuchukua damu ikikosewa kwa siku mbili, hesabu ya hCG imeharibika hata kama seramu ni safi kama maji ya chemchemi. Tarehe inayotakiwa ni ya sindano, siyo ya kupokelewa maabara.

#16 Kipande_166

Naongeza upande wa DNA ya uvimbe inayoelea kwenye damu, kwa sababu wengi wanaileta kwa mazoea ya seramu na inaharibika.

Seramu haifai. Wakati wa kuganda chembe nyeupe hupasuka na kumwaga DNA ya kawaida. Tuseme kuna nakala 10 zenye badiliko la uvimbe kati ya nakala 2,000: asilimia 0.5, inaonekana. Chembe nyeupe zikimwaga hadi jumla ifike 20,000, zile 10 zipo bado lakini sasa ni asilimia 0.05. Vipimo vingi havitaziona. Jibu linaandikwa "halikupatikana".

Kwa EDTA: fanya kila kitu ndani ya saa 4. Mzunguko wa kwanza g 1600 kwa dakika 10. Fyonza plazima ukiacha kama nusu sentimita juu ya tabaka jeupe (la chembe nyeupe), usiwe na tamaa. Mzunguko wa pili, kwenye vichupa vipya, g 16,000 kwa dakika 10, kuondoa mabaki ya chembe. Acha kiasi kidogo chini tena. Kisha −80 °C. Mizunguko yote miwili ifanyike kabla ya kugandisha. Ukigandisha baada ya wa kwanza tu, chembe zilizobaki zitapasuka na mzunguko wa pili hautaokoa kitu.

Kama huwezi kuwahi, tumia tyubu zenye kihifadhi cha chembe, mfano zile za Streck za DNA, ambazo huruhusu hadi siku 14 kati ya 6 na 37 °C. Hizi usiziweke kwenye friji wala kuzigandisha. Zijae hadi mstari na zigeuzwe mara 8 hadi 10 papo hapo, vinginevyo kihifadhi hakienei. Heparini iepukwe kabisa, inazuia kimeng'enya cha PCR (njia ya kunakili DNA ili ipimike).

Njia ya kukagua kilichotokea: angalia urefu wa vipande vya DNA. Ile inayotakiwa ina kilele karibu na jozi 166 za besi (herufi za DNA). Ukiona wingi wa vipande virefu vya maelfu ya jozi, chembe nyeupe zimemwaga, na jibu hasi lisitolewe kama hasi.

#17 MsomaMajibu

Shukrani. Tukiwa hapo, bayotini na zile kingamwili za ajabu zinaingia kwenye uzi huu?

#18 Fundi_Vipimo

Si uhifadhi, lakini zinavaa sura ileile ya jibu lisiloeleweka, basi kwa ufupi.

Bayotini ni vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, mara nyingi kwa dozi kubwa. Mashine zinazotumia mshikamano wa bayotini na streptavidini (protini inayoishika bayotini) zinazibwa nayo. Kwa kipimo kinachobana kiashiria katikati ya kingamwili mbili, na vipimo vingi vya viashiria ni hivyo, jibu linashuka kwa uongo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2017. Anayemeza zaidi ya miligramu 5 kwa siku asubiri angalau saa 8 tangu dozi ya mwisho, na wa dozi kubwa sana asubiri siku kadhaa.

Kingamwili za mgonjwa zinazoshika kingamwili za kiti mara nyingi hupandisha jibu kwa uongo. Punguza makali ya sampuli kwa 1:2, 1:4, 1:8. Kiashiria halisi kinashuka kwa mstari ulionyooka, cha uongo kinayumba.

Na kinyume chake: uvimbe mkubwa sana wenye AFP au hCG au kalsitonini ya kufurika hutoa jibu la chini kwa sababu kingamwili zote zimejaa na haziungani. Hapo 1:10 na 1:100 zinakupa jibu linalopanda badala ya kushuka. Picha ikionyesha uvimbe mkubwa na jibu likiwa dogo, punguza makali kabla ya kutia sahihi.

#19 Mama_Pipeti

Na CA 19-9 ya sifuri isiyobadilika siku zote: kati ya asilimia 5 na 10 ya watu hawana antijeni ya Lewis (alama ya kundi la damu), hawatengenezi CA 19-9 hata kongosho likiwa na saratani. Msiitupie lawama friza. Mgonjwa mwenye njia ya nyongo iliyoziba naye atakuwa nayo juu bila saratani. Na kromogranini A (kiashiria cha uvimbe wa chembe zinazotoa homoni) inapandishwa na dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazole: zisimamishwe wiki 2 kwa idhini ya daktari.

#20 SeramuSafi (mleta uzi)

Nashukuru wote. Swali la mwisho limekuja kwa ujumbe: kusafirisha vichupa vilivyogandishwa kwa barafu kavu.

Vifungashio vitatu: kichupa, kisha mfuko au kopo lisilovuja lenye kitu cha kunyonya, kisha boksi gumu. Alama ya UN 3373 kwa sampuli na UN 1845 kwa barafu kavu yenyewe, uzito wake ukiandikwa nje. Boksi lisizibwe kabisa, kwa sababu barafu kavu inageuka gesi, na boksi lisilopumua hupasuka. Isishikwe kwa mikono mitupu, na isiachwe kwenye chumba kidogo kisicho na hewa.

Jambo lisilojulikana sana: gesi hiyo ya kaboni dioksidi hupenya kwenye vichupa ambavyo vifuniko vyake havikazi. Ukiyeyusha mara tu boksi linapofika, gesi inayeyuka kwenye seramu na pH inashuka, na kipimo kinachoathiriwa na pH kinaweza kupotoka. Tumia vifuniko vya skrubu vyenye mpira ndani. Vikifika, angalia kwanza kama barafu kavu bado imebaki na kama seramu bado ni jiwe. Kichupa ambacho seramu yake imeganda upande wa kifuniko kiliyeyuka njiani kikalala, kikaganda tena. Kiweke kando na kipigiwe simu kilikotoka. Vilivyo salama vipelekwe kwenye friza ya −80 °C kwa siku moja gesi itoke, ndipo vihamie friji kuyeyuka.

Kwenye fomu ya kupokelea ongezeni safu ya "barafu kavu iliyobaki, kilo". Karibuni muendelee.